Aliyekuwa Ndani ya Zimwi

6 Aprili

Wifi yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo ambaye kabla hajawa mumeo alikuwa mdogo wangu, na kwa binti yenu mkorofi. Mimi mzima, ila kiuno. Tangu tumalize kupiga ile filamu ya mumeo, kiuno hiki hakijanisamehe. Koo lako linaendeleaje?

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu siwezi kugombana nawe. Mtu anayesoma matangazo redioni akisema "haloo" tu, mimi nimeshashindwa kabla sijafungua mdomo. Kwenye karatasi angalau sote hatuna sauti.

Jana nilikwenda kuiona Zimwi la Darini kwenye ukumbi wa sinema wa huku. Nilivaa gauni jipya, nimelishona kwa ajili ya siku hiyo. Tulikuwa watu kumi na saba, pamoja na mkata tiketi aliyekuja kukaa kwa kukosa wa kumkatia, na mama mmoja aliyekimbia mvua. Mvua ilipokatika naye akaondoka. Pale Zimwi linapojificha nyuma ya tangi la maji likiogopa watoto, hakuna aliyecheka ila mimi. Na mimi nilicheka kwa kukumbuka nilivyokuwa nalia kweli mle ndani ya vazi lake, jasho limeniingia machoni na mikono ya sponji haifiki usoni.

Sasa nikwambie kilichonichoma. Mwanzo kabisa, kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka: ZIMWI, halafu jina lako. Nikasubiri langu. Nikasubiri mpaka taa zikawashwa na mfagiaji akaanza kufagia chini ya miguu yangu, ndipo nikaliona likipita mbio kwenye "mavazi", kati ya mpishi na dereva.

Wifi, hilo zimwi ni langu. Mdogo wangu alipokuwa mtoto alikuwa halali kwa sababu ya panya waliokuwa wakikimbizana darini. Mimi ndiye niliyemwambia kule juu linakaa zimwi linaloogopa watoto, kwa hiyo anyamaze asilishtue. Nilijifunika blanketi nikalitembeza chumba kizima mpaka akacheka. Wakati huo wewe hata hatujakujua. Leo nimelishona kwa magodoro mawili, nimelitembeza juani kiangazi kizima, halafu Zimwi ni wewe uliyelipa sauti tu? Naona wivu, nakuambia bila kuficha.

Wifi yako,
Sindano


2 Mei

Wifi Sindano,

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Pole na kiuno. Koo langu ni zima, asante. Kinachoumwa humu ni nyumba.

Filamu imeondolewa kwenye kumbi zote. Haikumaliza hata wiki ya pili. Ukumbi wa hapa kwetu walibandua picha ya Zimwi sisi tukiwa tumesimama pale pale nje, wakabandika watu wanaopigana. Msambazaji hapokei simu. Miaka mitatu ya kazi imeisha kama mtu aliyezima taa.

Mdogo wako amelala anaangalia ukuta. Nikimletea chai ananiambia, "Dada angekuwepo angejua la kufanya." Nikimfunika shuka: "Dada huanza na miguu." Nikipika: "Dada..." Jana nimemwambia amwandikie huyo dada aje amuoe. Hakucheka.

Kwa hiyo jina langu liliandikwa kubwa, sawa. Lakini linalotajwa humu ndani asubuhi mpaka jioni ni lako. Unataka tubadilishane? Na usidhani sauti hutoka bure. Zimwi lote nililisema ndani ya kabati la nguo, mablanketi yametundikwa kila upande, mtoto ana homa chumba cha pili, na mdogo wako anagonga mlango: "Rudia. Zimwi la Dada ni zito zaidi ya hapo."

Wivu si wako peke yako, wifi.

Wifi yako,
Redio


11 Novemba

Wifi Redio,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, kiuno kama kawaida.

Tangu Mei sijasikia neno kutoka kwenu, sasa naelewa. Mko juu! Diski imetoka na mtaa mzima umepagawa. Ile filamu iliyokosa watu wa kujaza benchi mbili, leo iko kila nyumba yenye deki. Mwenye duka la pembeni anaagiza katoni na haifiki jioni. Ananiambia haijawahi kumtokea: wazazi hununua kuwanyamazisha watoto, kisha huketi wenyewe. Chumba changu cha kushonea kimegeuka ukumbi. Watoto wa jirani wamejaa chini ya meza ya kukatia, rimoti ni yao, mimi nakanyaga pedali kwa kukwepa vidole vyao.

Niliwaambia mle ndani nilikuwa mimi. Waliniangalia hivi, kisha mmoja akasema, "Basi ongea kama Zimwi." Nikaongea. Wakaangaliana kwa adabu, wakarudi kwenye televisheni.

Hilo ningelimeza. Lakini mteja kaja na gazeti anataka nimshonee gauni kama lako, nikaiona picha. Wewe unakata keki kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa watu, na kichwa cha Zimwi umekibana kwapani. Kichwa changu, wifi! Nilichokishona nyusi unywele mmoja mmoja. Hata kukivaa hujakivaa, umekibeba kama kikapu cha sokoni.

Na kitu kingine nimekisikia kwa yule mteja, si kwenu: kuna filamu ya pili, na ndani ya Zimwi ataingia mcheza dansi. Kweli? Nijibu kwa neno moja.

Wifi yako,
Sindano


30 Novemba

Wifi,

Sote wazima, Mungu ashukuriwe.

Kweli.

Umetaka neno moja, lakini nitaongeza machache. Msambazaji aliyekuwa hapokei simu sasa anapiga yeye. Wenye kumbi walioibandua picha yetu wanauliza sehemu ya pili ni lini. Wanataka Zimwi linaloruka na kupanda mapaa. Wewe una kiuno, umeandika mwenyewe kwenye kila barua. Mdogo wako aliona haya kukuambia. Mimi ndiye niliyesema tumchukue kijana, na nikifa leo sitasema lilikuwa wazo la mtu mwingine. Sikuwa na nia mbaya. Labda kidogo.

Mavazi utashona wewe, hilo halina mjadala.

Wifi yako,
Redio


14 Januari

Wifi yangu,

Salamu. Habari za siku nyingi? Kiuno je? Hujajibu, nami sikulaumu. Mdogo wako kila akisikia mlango anauliza kama ni posta.

Nina tatizo, na nimezunguka nyumba nzima nikitafuta mwingine wa kumwambia, sijampata.

Siku hizi naalikwa mashuleni. Nasimama mbele, nasema maneno ya Zimwi, watoto wanapiga makofi. Kisha wanataka pale Zimwi linapoanguka kwenye stuli. Wewe unapajua. Linaanguka, linapiga ukelele, "Mama nakufa! Kiuno changu!" Basi. Nikauliza ilikuwaje kitu kidogo hivyo kishike, maana kule sinema kilipita na hakuna aliyegeuka. Mwalimu mmoja akaniambia: majumbani wanakirudisha nyuma. Wanaangalia lile anguko mpaka rimoti inachoka. Uwanja wa mpira mtoto akigongwa anapiga ukelele ule ule. Wazee wanainuka kwenye kiti, "kiuno changu!"

Basi nikaupiga ule ukelele. Kisha sauti moja nyuma: "Siyo hivyo!" Nikarudia. Wote: "Siyo hivyo!" Shule ya pili vile vile. Ya tatu nilijifanya sauti imekauka.

Nikamwendea fundi sauti. Akakuna kichwa. Akasema ule ukelele si wangu. Wangu ulirekodiwa ukawa baridi, wakautupa, wakaacha uliokuwa umeingia siku ya kupiga picha, kutoka ndani ya sponji. Nyumbani nikamwekea binti yangu diski, nikamwuliza huyo ni nani. Hakugeuza hata kichwa. "Si shangazi?" Alijua siku zote. Alidhani na mimi najua.

Kwa hiyo maneno yote ya lile zimwi ni yangu, na wanalolipenda watu ni lako. Usiku sipati usingizi kwa kijicho, naandika hivi nimeuma meno.

Mwezi ujao tunaanza kupiga ya pili, na msambazaji anataka lianguke tena. Nifundishe, wifi. Au urekodi kwenye kanda unitumie.

Wifi yako,
Redio


29 Januari

Wifi wa mimi!

Umenisalimia vizuri sana safari hii, mpaka kiuno umekiuliza. Kiuno kinakushukuru. Leo hakiumi hata kidogo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya cherehani, kisha nikawaita watoto walio chini ya meza, nikawasimamisha mstari mmoja, nikaupiga. Mmoja alianguka kwa kucheka. Yule aliyenidharau kaenda kuwaita wenzake, na mpaka jioni sikushona kitu.

Unaomba nikufundishe, na mimi muda wote nilidhani ule ukelele ni wewe umeniiga. Nifundishe nini? Sikuigiza. Lile zimwi lina matundu mawili ya macho yasiyoonyesha chini. Mguu wa stuli ulivunjika, nikashuka kama gunia, nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa. Ndiyo hayo tu. Huo ukelele hausomwi kwenye karatasi mbele ya kipaza sauti, na hautaingia kabatini kwako hata utundike mablanketi ya hospitali nzima.

Kanda situmi. Jina umechukua, kichwa umechukua, mdogo wangu umemchukua kwa harusi nikakupigia na vigelegele. Hicho kimoja sikigawi. Ukikitaka, ngozi ya Zimwi iko kwenu, stuli ziko kwenu. Vaa, uanguke.

Wifi yako,
Sindano


20 Februari

Wifi yangu,

Sijui kama u mzima, maana mimi sina uzima wa kukuuliza. Naandika nimelala ubavu. Sasa na mimi nina kiuno.

Niliivaa ile ngozi. Mcheza dansi alikuwa amekwisha kushindwa: anaruka vizuri, lakini watoto tuliowaleta kutazama mazoezi walisema lile si Zimwi, ni mtu amevaa godoro. Msambazaji kanuna. Nikasema moyoni, Sindano ameniambia nivae, nami nitavaa. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenifunga zipu. "Una uhakika?" akaniuliza. Nikamwambia mimi si yai.

Wifi, mbona hukusema? Mle ndani ni tanuri. Pumzi yako inakurudia usoni. Watu wanazungumza mbele yako kama hupo, na wewe unasikia kila kitu. Nilisikia mtu wa taa akisema mke wa bosi anatafuta sifa. Nikapanda kwenye stuli kwa hasira, nikakosa ukingo.

Nilipiga ukelele, ndiyo. Sijui ulikuwaje. Kilichonibaki si hicho.

Nilipokuwa chini, giza limenijaa machoni, nilisikia miguu inakimbia. Mume wangu, ambaye hata moto ukiwaka jikoni huja kwa kutembea, alikuwa anakimbia. Na alikuwa anaita. Alikuwa anaita, "Dada! Dada, umeumia?"

Alinifunga zipu kwa mkono wake, wifi. Alijua ni mimi. Lakini alipoona lile zimwi limelala sakafuni, ni jina moja tu lililomtoka. Alipofungua kichwa akaniona, uso ulimshuka. Si kwa kunichukia. Kwa aibu. Akasema samahani mpaka nikamwambia anyamaze.

Nimelia siku mbili, na si kwa kiuno. Nimeona wivu hata wa sponji. Kisha nimemwita msambazaji nikamwambia: ndani ya Zimwi ataingia mwenyewe, wifi yangu, na jina lake litakuja mwanzo, juu ya langu, la sivyo sauti atafute kwingine. Paa litapandwa na kijana, kuanguka na kutembea ni kwako. Amekubali, si kwa kutupenda, ni kwa sababu ya watoto.

Njoo. Tafadhali usinifanye niandike hivi mara ya pili.

Wifi yako,
Redio


1 Machi

Wifi yangu,

Pole. Pole sana, na ninaposema hivyo sitanii. Jikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, lalia ubavu wa kulia, na usikubali mtu yeyote akunyooshe.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Nilipofika pale alipoita "Dada" nilifurahi mpaka nikaona haya, nikaikunja, nikaifungua tena, nikafurahi tena. Nilitaka niibandike ukutani wateja wasome.

Lakini nikinyamazia jambo moja kwenye barua hii, nitakuwa nimekuibia. Siku niliyoanguka mimi, nikamwita mama nikiwa sijui kama nitainuka, nilisikiliza kama ulivyosikiliza wewe. Sikusikia miguu. Nilimsikia mdogo wangu kwa mbali, nyuma ya kamera, akisema, "Kaa hivyo hivyo, Dada, usisogee. Inapendeza." Nikakaa. Picha ikaisha ndipo wakanifungua.

Kwa hiyo usilie tena. Jina lilikuwa langu, lakini mbio zilikuwa zako. Mimi mbio hizo nazionea wivu kuliko jina lote mwanzo wa filamu, na kuliko keki.

Naja wiki ijayo. Msiguse zipu, inakwama, nakuja na nyingine. Na mwambie mumeo, stuli ya safari hii naichagua mimi, nawe utasimama karibu.

Wifi yako,
Zimwi