Simba wa Olbalbal na Paswadi ya Kisanduku

Alhamisi, Karatu. Ukungu umekaa tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimevaa makoti mawili, lakini kinachonipa joto ni hasira.

Shajara, siku mbili sasa nadharauliwa na kisanduku.

Kisanduku chenyewe hakizidi ukubwa wa mkate. Kinakaa kwenye rafu hapa steshenari kwangu, juu ya rimu za karatasi, kimeunganishwa kwa waya hadi kwenye ruta ya intaneti. Kazi yake ni moja tu: kutunza nakala ya kila kilichomo kwenye kompyuta, ili kompyuta ikifa, mambo yasife nayo. Nilikinunua nilipoacha udereva wa watalii. Niliwatangazia watu kwamba hata Ngorongoro ikilipuka upya, mafaili yangu yatabaki yanawashangaa.

Sasa soma ujinga wangu.

Jumanne kompyuta ilikuwa inatambaa kama gari bovu linalopanda kutoka kreta. Nikaamua kuiwekea mfumo mpya mwenyewe, bila fundi. Mimi niliyeziba tangi la mafuta kwa kipande cha sabuni kule Loliondo, nikafika Karatu naimba, nishindwe na kompyuta? Ikaniuliza kama ifute vyote. Nikabonyeza ndiyo, tena kwa madaha. Baada ya saa mbili ilikuwa inang'aa kama bibi harusi. Nikaipiga picha, nikairusha kwenye kundi la ukoo.

Dada yangu Martina, aliyeolewa Mbulu, akaandika: "Hongera kaka. Na sauti ya Mama ipo?"

Nikajibu: "Ipo, mahali ambapo hata moto haufiki."

Sauti ya Mama ni hivi. Mwaka wake wa mwisho nilimrekodi kwa simu, amekaa jikoni anapepeta maharage, anataja majina ya bibi zetu mmoja mmoja, nyuma hadi kwa wale ambao hakuna mwingine aliyewajua. Simu ile ilitumbukia chooni. Nakala ya kwenye kompyuta nimeifuta mwenyewe Jumanne. Imebaki ya kisandukuni, basi. Na keshokutwa, Jumamosi, tunaweka msalaba kwenye kaburi lake, ukoo wote unakuja, na nimeahidi watamsikia.

Jana asubuhi nikawasha kompyuta yangu mpya kutafuta kisanduku. Hakuna. Taa zake zinawaka, waya upo, lakini kompyuta inasema haikioni. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa, nikachomeka. Nilikitisha kidogo. Nilikikemea kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw, lugha yetu, maana kuna maneno ambayo kwa Kiswahili hayana uzito.

Ikabidi nimwite Neema, mpwa wangu anayefanya kazi mapokezi kwenye loji moja kule Rhotia. Alikuwa na mapumziko ya siku mbili. Akaangalia sekunde chache tu.

"Mjomba, mfumo mpya umekuja umefumba macho. Hujauruhusu uone vifaa vya kwenye mtandao."

"Nilikuwa ndiyo naelekea hapo."

"Tangu saa mbili asubuhi?"

Akabonyeza sehemu mbili, kisanduku kikatokea. Nikacheka kwa sauti. Nikakibofya. Kikaleta dirisha dogo: jina na paswadi.

Hapo ndipo kicheko kilipokata. Kompyuta ya zamani ilikuwa inaikumbuka yenyewe. Miaka yote hiyo sijawahi kuiandika hata mara moja. Nilipofuta vyote, nilifuta na kumbukumbu hiyo.

"Uliiandika wapi?" Neema akauliza.

"Kichwani."

Akanitazama kile kichwa, akarudi kwenye kompyuta. Mtoto ana adabu.

Lakini umbo lake nilikuwa nalijua. Nilichukua habari ya simba wa Olbalbal, ile ambayo kila mtu Karatu ameisikia: gari liliniharibikia nikiwa peke yangu kwenye tambarare ile ya kule Ngorongoro, wakaja simba, wakanizunguka, nikawatazama machoni mpaka wakaona haya wakaondoka. Nikajiambia habari hii siwezi kuisahau, maana naisimulia kila wiki. Basi paswadi ni Olbalbal, halafu simba, halafu idadi yao.

Nikaandika simba tisa. Ikakataa. Kumi na wawili, ikakataa. Saba. Ikakataa. Watano. Wanane. Kisanduku kikafunga mlango: jaribu tena baada ya saa moja.

Saa nzima! Nimesubiri tembo wakivuka barabara na sikukasirika hivyo.

Nikaenda kumuuliza mke wangu, Mama Elia, alikuwa anaanua mahindi. "Simba wa Olbalbal walikuwa wangapi?"

"Wakati gani?"

"Wakati gani nini? Walikuwa wangapi?"

"Ulipokuja kunichumbia walikuwa wawili. Elia alipobatizwa walikuwa sita. Krismasi iliyopita yupo mmoja alikuwa na mtoto mgongoni."

Neema akainama kama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Wakaanza kunifanyia uchunguzi, wao wawili, kana kwamba sipo. Kisanduku kilinunuliwa lini? Mwaka gani? Mwaka huo Mjomba alikuwa kwenye simba wangapi? Wakampigia mwinjilisti wetu. Yeye alisikia kumi na mmoja. Jirani muuza nyama alisikia wanne, ila mmoja mweusi. Tukajaribu zote hizo. Mlango ukafungwa tena. Jana yote imekwisha hivyo.

Dada Martina akapiga jioni. "Kaka, sauti ipo?" Nikasema ipo.

Leo asubuhi nikameza kiburi, nikamtafuta Gasper, fundi aliyenifungia kisanduku. Siku hizi yuko Mwanza. Nilikuwa nimejiapiza sitampigia. Nikampigia. Nikamwuliza kama kuna mlango wa nyuma.

"Hakuna, mzee. Lile folda lina ufunguo mmoja, na hata mimi ulinigeuza niangalie ukutani ukiandika."

"Basi nimekwisha."

"Lakini nilikushauri. Nilikwambia usiweke kitu unachokisema ovyo, weka kitu cha kweli ambacho hujamwambia mtu. Ukacheka sana, ukasema unacho kimoja."

Nikakata simu bila hata kumshukuru.

Ninacho kimoja.

Sawa, shajara. Nakuandikia wewe, na kwa kuwa wewe ni blogu inayosomwa na nusu ya Karatu, na wao wasome. Pale Olbalbal hapakuwa na simba. Palikuwa na fisi, mmoja, anachechemea. Nilipanda juu ya paa la gari, nikakaa huko tangu saa sita mchana hadi jua linaelekea milimani. Akapita mama mmoja wa Kimaasai na punda wake, wanafuata maji mbali huko. Akampigia fisi kelele, akamrushia dumu tupu, fisi akaenda zake. Halafu akaniangalia kule juu akaniuliza, "Baba, unashuka au unaishi huko?"

Nikawaomba Neema na Mama Elia wageuke.

"Mjomba, tumekaa na simba wako siku mbili," Neema akasema. "Hatugeuki."

Nikaandika mbele yao, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Olbalbal. Fisi. Moja.

Kisanduku kikafunguka. Hakuna aliyecheka. Mama Elia alinishika bega, na hilo lilinichoma kuliko kicheko.

(Paswadi nimeshaibadilisha, msihangaike. Safari hii Mama Elia ameiandika kwenye karatasi na kuificha anakojua yeye. Neema ameweka nakala nyingine ya sauti kwenye simu yake, na nyingine kwenye flashi.)

Tukasikiliza. Ungo unachekecha, jogoo anawika, Mama anataja majina taratibu, anayarudia yale magumu. Yote yapo. Kisha karibu na mwisho kuna sauti nyuma, mlangoni, mwanamume anamsimulia jirani jambo kwa nguvu. Nikaitambua. Ni mimi. Niliacha simu inarekodi nikatoka nje kupiga domo.

Ungo unasimama. Halafu Mama anasema kwa Kiiraqw, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Leo ni simba wangapi?" Anacheka peke yake, anaendelea kupepeta.

Alijua. Miaka yote alikuwa anajua, na hakuwahi kuniaibisha mbele ya mtu.

Neema ameniuliza kama akate kile kipande cha mwisho kabla ya Jumamosi, anaweza, ni dakika moja. Nimezunguka hii steshenari mara tatu. Nimemwambia asiguse.

Dada Martina amepiga tena sasa hivi. "Kaka, niambie ukweli. Sauti ya Mama ipo?"

Nikasema ipo. Sikuongeza kitu.