Moto Tuliouacha Rongai

Kwa Wambui, mjukuu wangu,

Tumefurahi kusikia umefika chuoni salama. Mguu wa Cucu, bibi yako, unaendelea kupona, na ng'ombe amezaa ndama jike. Uliniuliza kwa nini nilinyamaza uliponiambia unasomea sayansi ya siasa.

Miaka ya hamsini tuliishi kwenye shamba la mzungu huko Rongai. Asubuhi moja, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, lori lilikuja kutuondoa Wakikuyu wote. Jirani yetu Mkalenjin, Mama Chebet, ambaye kila siku alikuja kwetu kuomba kaa la moto, alisimama mlangoni petu akamzuia askari asimchukue mama yangu.

"Huyu ni jirani yangu. Ukimchukua, mimi nitapikia nini?"

"Mama, kwenye kipande chake, hiki kitambulisho, kuna mahali pa kuandika kabila, hakuna mahali pa kuandika jirani."

Mama yangu alifukia makaa kwenye majivu, kama afanyavyo mtu atakayerudi jioni. "Mama Chebet, moto nimekuwekea. Usiumalize wote, wewe mlafi, nami nitataka kupika."

Wakacheka wote wawili. Hatukurudi. Mama alizikwa mbali na Rongai, na hadi leo najuta kwamba hatukumpelekea Mama Chebet hata salamu.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kukuomba jambo, nikaona haya. Katika vitabu vyako vya dola na uraia, ukikuta mahali panapomjibu Mama Chebet swali alilomuuliza askari, nisomee. Nimesoma vingi maishani, lakini mahali hapo sijapaona.

Mimi Guka, babu yako,
Njoroge