Nyirakiyaga Amwite Nani

Baba,

Mvua ya Mudende imeteremka hadi huku mjini. Mimi nimekaa kwenye kiti chako cha barazani. Mama huwa hataki mtu akikalie. Leo ameniona, akapita tu.

Riwaya yetu nimeimaliza. Nasema yetu kwa sababu Nyirakiyaga tulimtunga pamoja, miezi ile ulipokuwa huinuki kitandani: msichana aliyechukuliwa na watu wa chini ya Ziwa Kivu, akakaa kwao kidogo tu, na alipotoka majini angali kijana, huku juu vizazi saba vimepita. Ufukweni anamkuta mzee wa mvi akianika sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mzee huyo ni damu yake. Sasa amwite nani?

Hapo tulibishana sana. Ulihesabu kwa vidole, kwa kile Kiswahili chako ulichorudi nacho kutoka Karagwe: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Maneno yakaisha, vidole vikabaki. Tukahamia Kinyarwanda, ubuvivi, ubuvivure, nako tukagota. Ulicheka hadi ukakohoa. "Basi tunga neno. Si wewe ndiye mwandishi?" Nikasema nitakuletea Jumapili.

Jumapili hukuwepo.

Nilitunga maneno, Baba. Mengi. Yote yalisikika kama majina ya dawa za ng'ombe. Mhariri akaniambia niandike "mjukuu" tu, wasomaji wasisumbuke. Nilikataa, maana nilikusikia ukikataa. Kitabu kikakwama. Kila nilipofika pale ufukweni nilitaka kukuuliza, nikakumbuka, nikafunga kompyuta.

Halafu Uwase wetu akajifungua, mtoto wa kiume. Hukujua hata kama mdogo wangu alikuwa mjamzito. Siku zile hata yeye mwenyewe alikuwa hajajua. Jirani yetu muuza samaki ndiye aliyekuja wa kwanza kumwona. Akafunua kitambaa, akapiga makofi: "Bon, huyu mutoto iko muzee kabisa! Muzee amerudi!" Ni kweli. Paji lako, hata ule mkunjo wa kati ya nyusi, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Mama alimpokea, akamtazama muda mrefu. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukuzike, akamwambia, "Karibu, mume wangu."

Sote tulilia. Mtoto peke yake alilala.

Kesho yake niliandika. Nyirakiyaga hahesabu vizazi. Anamtazama yule mzee usoni, anaiona sura ya mtu aliyemwacha nyumbani asubuhi ile alipokwenda kuchota maji. Anapiga magoti kwenye mchanga, msichana mbele ya damu yake ya mbali kabisa, anamwita: "Baba."

Mhariri hajabadilisha kitu. Mimi nilipoliandika neno hilo nililisema kwa sauti, na sikuwa nikisema na mzee wa kitabuni.

Lala salama. Mtoto akianza kuelewa hadithi, hii yetu nitamsomea mimi mwenyewe, na akiniuliza ni nani aliyeitunga na mimi, nitamtajia jina lako. Ndilo jina lake pia.

Binti yako