Jiwe la Kusugulia Miguu

Mjukuu wangu Asya,

Assalamu alaykum. Bibi yako kule Makoongwe mzima, anakusalimu. Mimi bado niko Micheweni na vibarua vya kufukua magofu. Mwili umechoka, lakini alhamdulillahi.

Umeniuliza kama kweli magofu ya huku yalijengwa na majini. Ujanani niliamini hivyo. Nilipochukuliwa kibarua mara ya kwanza, kufukua msikiti wa kale, niliogopa, nikataka kurudi kwetu Makoongwe. Mwenzangu Hamadi akanicheka: "Jini akuchukue wewe? Utamshinda kwa kula!"

Tulipofukua hadi mlangoni, kando ya birika la kutawadhia, likatokea jiwe la matumbawe lililolika katikati. Nililijua mara moja, maana msikiti wetu unalo kama hilo, la kusugulia miguu kabla ya kuingia. Nikavua kiatu, nikaweka kisigino. Kikakaa sawasawa. Hamadi aliacha mzaha, naye akavua.

Sikurudi Makoongwe, mjukuu wangu. Jini hana magaga ya visigino. Jiwe lile lililiwa na visigino vya watu waliotoka shamba na pwani, wamechoka kama mimi, na bado wakaja kusali.

Mola akuhifadhi huko Maskati.

Babu yako