Siku Difu ya Mbele Ilizunguka Bure

Ndugu yangu Muriuki,

Natumaini uko mzima huko Mombasa. Huku Tetu mvua haijaacha. Wanjiru wangu, aliyebeba jina la mama, ameota jino la pili.

Unauliza kwa nini gari la gereji yenu linazungusha difu ya mbele na magurudumu ya mbele hayavuti. Mimi si fundi, lakini hilo nalijua.

Ulikuwa mdogo sana. Baba alikuwa anampeleka mama hospitali kwa pikapu, mgonjwa sana, mimi nimemshika. Tulipotoka lami tukakwama kwa matope. Baba akavuta gia ya kuendesha magurudumu yote manne. Nikasikia difu ya mbele, ile gia ya kati ya magurudumu, ikizunguka, lakini magurudumu yake yametulia tu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachuma majani ya chai akapiga kelele, "Baba Wangui, umefunga habu? Ama difu inajizungukia peke yake?"

Hakuwa amefunga habu, vile vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na difu. Alizifungua asubuhi, ili kwa lami magurudumu yasizungushe difu bure, halafu akasahau. Akashuka, akazifunga kwa mkono, tukatoka.

Tulifika tumechelewa. Daktari alisema hata tungefika mapema, mama asingepona. Baba hakumwamini.

Ndiyo maana mpaka leo, mawingu yakikusanyika, anaenda kufunga habu hata kama hatuendi popote. Ukija usimcheke. Jana nilimfuata nimebeba mtoto, naye mtoto akamshika Baba kidole. Baba akamwambia polepole, "Haya, Wanjiru. Nimefunga."

Dada yako,
Wangui