Friji la Bi Salma

Jumanne, baada ya isha

Na leo tena pikipiki yangu ya umeme haikujaa chaji. Nikiichomeka tu, taa zinafifia. Nikajua ni friji la jirani, Bi Salma, linalovuta umeme. Nikaenda kumwambia, hasira zimenipanda.

Nikamkuta uani anatia samaki chumvi. Friji wazi, kavu.

"Nimelizima tangu juzi, mwanangu. Umeme wenyewe mdogo, na wewe ndiye unayetupelekea waja wazito hospitali. Haya, pikipiki imejaa?"

Nikasema nimekuja kumjulia hali tu. Aibu iliyoje!

Nimerudi, nimeichomoa pikipiki bila kumwambia, ili apate umeme wa kuwasha friji atie samaki wake. Taa sasa zinawaka vizuri, lakini friji lake silisikii. Tumezima sote wawili.