Krete Nimeitetea, Shangazi

Shangazi Zuwena,

Mungu akulaze pema. Nimefaulu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu wewe hukupenda kuzungushwa.

Alhamisi nilisimama chuoni Nizwa, mbele ya maprofesa, nikaitetea tasnifu yangu juu ya historia ya Krete. Peke yangu, kwa mdomo huu huu wenye kigugumizi.

Unamkumbuka ndugu yako Ammi Nasor alivyocheka nilipochagua mada? "Sisi na Wagiriki wapi na wapi?" Nawe ukamjibu huku ukigeuza vitumbua: "Waandalusi, Waislamu wa Hispania, walifukuzwa kwao, wakaanza upya Krete. Sisi tulipotoka Unguja kuja huku Oman tulifanya nini?" Akachukua kitumbua, akala.

Jikoni kwako, mjini Ibra, ndiko nilikoijua Krete. Uliichora juu ya unga wa mchele, kisiwa chembamba kilicholala ubavu. Hapa Knoso, jumba la wafalme wa kale, na mitungi ya mafuta ya zeituni inayompita mtu kimo. Hapa wakaja Warumi. Hapa Waislamu wa Andalusi wakachimba handaki kuuzunguka mji wao, na mji ukaitwa Khandaq, neno lile lile letu. Wakatawala zaidi ya miaka mia, mpaka majeshi ya Rum, yaani Warumi wa Mashariki, yakauzingira na kuutwaa tena.

Kisha ulikuwa ukifuta unga kwa kiganja. "Haya, nisimulie wewe."

Nilikwama mno. Wageni walipotaka kunisaidia, uliwakataza. "Msimmalizie neno lake. Atafika."

Ulipofariki nilitaka kuacha masomo, Shangazi. Nilijiuliza ni nani tena atakayenisubiri. Siku nyingi sikufungua kitabu. Halafu nikaona haya, maana nilikuwa nimebakisha sura ya mwisho tu, nawe uliuguza mgongo ukinisikiliza sura zote zilizotangulia.

Basi Alhamisi, profesa mmoja akaniuliza mji ule ulipataje jina lake. Swali jepesi, lakini ile kh ndiyo inayonikaba tangu utotoni. Nikakwama. Ammi Nasor, aliyekaa safu ya mbele, akainamisha kichwa. Profesa akafungua mdomo anitamkie.

Nikainua mkono. "Lau samaht, niwie radhi, profesa. Nitalisema mwenyewe."

Nikaanza tena. Nikashindwa. Nikaanza tena, bila haraka, mpaka likatoka: Khandaq. Na nyuma yake yakaja mengine yote, kama maji ya mfereji wa falaji yaliyofunguliwa kuingia shambani: mzingiro, kuanguka kwa mji, Wavenisi waliokuja baadaye. Niliwajibu mpaka wakaishiwa maswali.

Walipotangaza nimefaulu kwa daraja la juu, Ammi Nasor alinikumbatia akitaka kunipongeza, asiweze. Machozi yalimziba. Mie nikamsubiri mpaka akamaliza.

Nimepata kazi ya kusomesha historia mjini Sur, katika shule ya wasichana. Mwalimu mkuu ameniambia atanipeleka darasani anitambulishe. Maisha yangu yote ndivyo ilivyokuwa, wengine wakinisemea, kila ulipokuwa mbali nami, maana hata jina langu laanza na kh ile ile. Nimemshukuru, nimemwambia hapana haja.

Kwaheri, Shangazi wangu. Nakuahidi hivi: Jumapili, wiki ya masomo ianzapo, nitaingia peke yangu, nitasimama mbele ya wasichana wale, na hata ikichukua muda gani, nitawaambia jina langu.

Wako,
Khadija